Nilisema Nimeshiba: Sikukuu Zetu za Shukrani Athens, Georgia

Usiku wa Alhamisi, tarehe 25 Novemba 2021, nilikuwa jikoni nasonga ugali. Saa nne ilishapita. Watoto wamejikunyata juu ya zulia na blanketi moja, mume wangu anakata vitunguu bila kusema neno. Mchana wa siku hiyohiyo tulikuwa tumekaa kwenye meza yenye chakula cha kutosha watu thelathini, tukapokewa kwa bashasha, tukaombewa dua, tukapewa viti vya mbele. Na tulirudi nyumbani na njaa.

Mwenyeji wetu hakukosea kitu. Kosa lilikuwa langu, tena la neno moja: nilisema nimeshiba.

Nayaandika haya kwa sababu kila Agosti zinaingia familia mpya kutoka kwetu katika miji ya vyuo ya Kusini mwa Marekani, na Novemba inawakuta hata njia ya basi hawajaizoea. Mimi nilikuja na vitabu vya mume, vyeti vya chanjo za watoto na kilo mbili za dagaa. Hakuna aliyenieleza habari ya sikukuu hii ya Novemba, Thanksgiving, yaani Sikukuu ya Shukrani.

Sisi ni watu wa Tanga. Mume wangu alipata nafasi ya masomo ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Georgia, mjini Athens, kama kilomita 110 kutoka Atlanta. Chuo kilipata hati yake mwaka 1785, na mji wenyewe umeota pembeni yake. Sensa ya 2020 ilihesabu watu zaidi ya 127,000, na wanafunzi peke yao ni kama 40,000. Ukiishi pale ndipo unapoelewa maana ya hesabu hiyo: chuo kikipumua, mji unapumua, chuo kikifunga, barabara zinabaki na kuchakuro wanaokimbizana juu ya miti.

Mimi niliingia kwa viza ya F-2, ile ya mwenza wa mwanafunzi. Viza hii hairuhusu kufanya kazi, hata ya saa mbili kwa wiki. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi miaka saba, nina mshahara wangu na kikundi changu cha kuweka na kukopa, na ghafla nikawa mtu wa kuomba hela ya vocha. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia, na nadhani ndilo lililonifanya niwe mkimya hata mahali pa kusema. Kama mwenza wako ana nafasi ya kuchagua mpango wa kuja nao, ulizeni mapema: aliye na J-2, viza ya mwenza wa mtu aliyekuja kwa mpango wa kubadilishana, anaweza kuomba kibali cha kazi, wa F-2 hana mlango huo. Ulizeni pia, kwa maandishi, bima ya afya ya mwenza na watoto ni kiasi gani. Sisi tulihesabu posho ya mume, dola 1,850 kwa mwezi, tukatoa kodi ya nyumba dola 940, tukaona tutaishi. Bima ya watu watatu hatukuihesabu. Akiba yote tuliyotoka nayo nyumbani iliishia huko kabla ya Oktoba kwisha.

Lakini nisiseme mabaya tu. Kusini kuna adabu zilizonikumbusha nyumbani. Watoto hufundishwa kumjibu mtu mzima kwa "yes, ma'am" na "yes, sir", na mtu mzima haitwi kwa jina tupu. Unatanguliza Miss kabla ya jina lake la kwanza, kama sisi tunavyotanguliza Bi. Binti yangu, aliyelelewa na shikamoo, aliingia darasani kama maji kwenye mtungi. Mwalimu wake akanisifu. Hapo ndipo nilipojidanganya: kwa kuwa heshima yao inafanana na yetu, nikadhani na mengine yote yanafanana.

Jirani yetu wa nyumba ya kona alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, Mmarekani Mweusi, mzaliwa wa Georgia, muuguzi mstaafu. Mume wake ni shemasi wa kanisa la Kibaptisti. Tulifahamiana Septemba, siku alipotukuta mimi na watoto kituo cha basi tumelowa, akasimamisha gari. Kila tulipoagana alisema, "Y'all come see us." Njooni mtutembelee. Basi Jumamosi moja nikawavalisha watoto, nikafunga mandazi kwenye kitambaa, tukaenda. Bibi alifungua mlango akiwa na kofia ya kutokea na mkoba begani. Alitukaribisha sebuleni, lakini niliona jicho lake linavyokwenda kwenye saa ya ukutani. Nilijifunza siku hiyo kwamba maneno yale ni ya kuagana, kama sisi tunavyosema "tupo pamoja". Mwaliko wenyewe huja na siku na saa.

Na mwaliko ulikuja. Wiki moja kabla ya sikukuu aliniambia twende kwake Alhamisi saa nane mchana. Nikamuuliza nilete nini. Akasema tujilete wenyewe tu.

Sasa sikilizeni kuhusu wiki yenyewe. Sikukuu ya Shukrani huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba. Athens, masomo husimama Jumatano, ila wanafunzi hawangoji Jumatano. Kufikia Jumanne jioni magari yameshapakiwa. Migahawa ya chuoni ilifungwa. Sisi tulikuwa tumezoea kununua chakula mwisho wa wiki, tukapanga tupitie dukani Alhamisi asubuhi kabla ya kwenda kwa bibi. Mabasi ya Athens yalikuwa yanabeba watu bure tangu kipindi cha korona, na tulikuwa tunayategemea kwa kila kitu. Tulisimama kituoni dakika arobaini na tano, kibaridi kinauma masikio, mpaka mzee mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa akatuambia leo hakuna basi. Maduka makubwa mengi nayo yalikuwa yamefungwa. Ndani ya friji tulikuwa na nusu lita ya maziwa na mayai manne. Fanyeni manunuzi yenu Jumatatu: maziwa, mkate, nepi, dawa ya homa ya watoto. Msijiambie kuna duka la mtaani la kukimbilia, kwa sababu mitaa ile haina duka la Mangi.

Saa sita mchana niliwapa wote uji na mandazi. Kwetu mtu hendi kwa watu na njaa iliyomtoka machoni. Nilikuwa pia nimepika mbaazi za nazi, maana hata ukiambiwa usilete kitu, mkono mtupu ni mkono mtupu. Kupiga pasi, kumtafuta mtoto kiatu, kufunika sufuria isimwagike njiani: tulifika saa tisa kasoro dakika kumi. Tulijiona tumefika vizuri tu, maana kwetu saa nane ya shughuli ni saa ya kuanza kupanga viti.

Tulipoingia, watu kumi na sita walikuwa wamesimama. Walikuwa wanatungoja sisi. Wajukuu wadogo wanaegemea ukuta, na makaroni ya chizi juu yameshafanya ngozi. Hakuna aliyelalamika, bibi alinikumbatia akachukua sufuria yangu kwa mikono miwili. Wao wakisema saa nane, saa nane chakula kinatoka kwenye oveni. Ukichelewa, unachelewesha kila sahani iliyo mezani.

Walishikana mikono duara ili shemasi aombe. Mimi ni Mwislamu, na moyo ulinidunda: nani atashika mkono wa nani? Bibi aliona. Bila kusema kitu aliwasogeza watoto wangu wakae kati yangu na mpwa wake wa kiume, na mjukuu wa kike akasimama upande wa pili. Dua ilisomwa kwa jina la Yesu, nasi tulisimama kimya kwa adabu. Kisha kila mtu akasema anachoshukuru mwaka huu. Hili jiandaeni nalo, maana zamu itawafikia. Yangu ilipofika, Kiingereza chote kilinikimbia. Nilisema "Alhamdulillah" na sauti ikakatika. Shemasi akaitikia "Amen," na zamu ikaendelea.

Meza ilikuwa na bata mzinga mkubwa wa rangi ya asali, paja la nguruwe lililokatwa vipande, makaroni ya chizi, maharage mabichi, viazi vitamu vilivyopondwa na kufunikwa kwa mashimelo, peremende laini kama pamba, nyeupe zilizobabuka, mayai yaliyojazwa kiini, jeli nyekundu ya kranberi iliyokatwa duara na bado ina mistari ya kopo, na trei ya kile wanachokiita "dressing": mkate wa unga wa mahindi uliofikichwa, ukachanganywa na supu na majani ya viungo, ukaokwa. Majimbo ya Kaskazini huwa wanaujaza tumboni mwa ndege; hapa unakaa kwenye trei yake. Na katikati, bakuli la mboga za majani. Nilipoziona nilitaka kulia. Ni sukuma wiki, ileile, pana na ya kijani iliyoiva! Nilijipakulia hizo kwanza.

Nilikula vijiko viwili. Binti yangu akavuta kutoka kwenye mboga zake uzi wa nyama wa waridi, akauinua kwa vidole. "Mama, hii nini?" Mpwa wa bibi akajibu kwa furaha kwamba ndiyo inayofanya mboga ziwe tamu, mguu wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi.

Nilishusha kijiko. Kuanzia dakika ile kila sahani ilinitia shaka. Maharage yana vipande vya nini? Ile dressing ina soseji? Nilijua kuliepuka lile paja lililokatwa waziwazi. Sikujua kwamba Kusini nguruwe huingia kwenye mboga kama sisi tunavyotia tui. Mashimelo nazo hutengenezwa kwa gelatini, ambayo mara nyingi ni ya nguruwe, na pai ya karanga za pekani wengine huitia pombe kidogo. Ningeweza kuuliza. Badala yake nilitabasamu. Bibi alipopita na bakuli akiuliza kama naongeza, nikasema nimeshiba, asante. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kwa mwingine.

Nilingoja arudi. Nyumbani kwetu mwenyeji akisikia "nimeshiba" ndiyo kwanza kazi inaanza. Umekula nini wewe? Kijiko kimoja? Au chakula hukukipenda? Atakubembeleza mara tatu, mara nne, na katika kubembelezwa huko ukweli hutoka: sili hiki, tumbo linanisumbua, nina mfungo. Bibi hakurudi. Mume wangu naye akasema ameshiba. Mbaazi zangu zilikaa mwisho wa meza na kifuniko chake, hazikuguswa, kwa sababu hakuna aliyejua ni nini na sikuwaambia. Alasiri ilipoingia mume aliondoka kimyakimya akaswali nyumbani, na tena magharibi, ambayo mwezi ule huingia kabla hata ya saa kumi na mbili jioni. Wenyeji wakadhani anaumwa. Wakati wa kuaga, bibi alichana karatasi ya foili atufungie chakula. Nikasema hapana, usijisumbue. Akairudisha foili kwenye droo.

Usiku ule, baada ya ugali, nilijifungia bafuni nikalia. Si kwa sababu ya vijiko viwili. Aliyekula bila kujua hana dhambi. Nililia kwa sababu nilikaa nyumbani kwa mtu mwema nikamdanganya kwa tabasamu, na sikujua jinsi ya kurudi nyuma.

Wiki mbili baadaye bibi alibisha hodi na sufuria yangu mkononi. Ilikuwa imeoshwa ikang'aa, na ndani imejaa pekani kutoka kwenye mti wa uani kwake. Nilibaki naitazama. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, na sikujua kwamba na kwao ni hivyohivyo. Kabla sijamshukuru akauliza, "Nilikukosea nini siku ile?"

Ndipo nikamwambia yote. Nguruwe, foili, swala, na ugali wa saa nne. Alivuta kiti akakaa bila kungoja kukaribishwa. Akasema miaka thelathini hospitalini hajawahi kumpa mtu hata kidonge bila kumuuliza kama kinamdhuru, na mimi alinipakulia bila kuniuliza. Akasema, "Ungeniambia, ningepika sufuria mbili." Kisha akanieleza jambo ninalowaeleza wageni wote sasa: mtu akisema hapana, kwao kumshikilia ni kumvunjia heshima, unachukua neno lake kama alivyolitoa. Nami nikamweleza kwamba hapana yetu ya kwanza ni mlango uliorudishwa tu, haujafungwa kwa komeo.

Mwaka wa pili, 2022, nilitaka kulipa fadhila. Nikasema Alhamisi ile, tarehe 24 Novemba, mimi ndiye mwenyeji: bibi na mumewe, na wanafunzi wa kigeni waliobaki mabwenini hawana pa kwenda. Watu kumi na mmoja. Wakati huo mume ameshapata leseni na gari kuukuu, tukaenda Clarkston, kitongoji karibu na Atlanta ambako wakimbizi wengi wamepewa makazi. Dukani nilisikia Kiswahili cha Kongo na cha Burundi kabla sijafika kwenye rafu ya pili. Nilisimama tu nikasikiliza. Mama mmoja wa Bukavu akaniambia bata mzinga wa halali waagizwe mapema, wakikaribia sikukuu huisha. Nilipata mmoja, pauni 14, yaani kilo sita na nusu hivi, kwa dola 61. Wale wa kawaida wiki ile walikuwa wanauzwa chini ya dola moja kwa pauni. Nililipa kwa moyo mweupe.

Nilimtia kwenye friji Jumanne usiku. Ndege huyu aliyegandishwa huhitaji siku nzima ndani ya friji kwa kila pauni nne au tano, kwa hiyo wangu alitakiwa ashushwe kutoka friza Jumapili, tena asubuhi. Alhamisi alfajiri nje amelainika, ndani ni jiwe. Ukikwama hivyo, mloweke kwenye maji baridi akiwa ndani ya mfuko wake, nusu saa kwa kila pauni, na maji uyabadilishe kila nusu saa. Nilimpa saa mbili tu, wageni wanakuja. Mfuko wa karatasi wenye firigisi na shingo, ambao huachwa ndani ya tumbo lake, ulikuwa bado umegandia humo na sikujua kama upo.

Kisha nikawasha oveni. Nyumbani keki naoka nyuzi 180, nikazungusha kitufe mpaka 180. Oveni za Marekani zinahesabu kwa Farenhaiti. Mia na themanini ya kwao ni kama 82 ya kwetu. Ndege yule alihitaji 325. Saa tatu baadaye, bibi alipoingia jikoni na trei yake ya makaroni, bata alikuwa mweupe kama alivyoingia, ana uvuguvugu wa mtoto mwenye homa. Bibi alitazama kitufe, akachoma kipimajoto pajani, akatazama tena. Nyama inatakiwa ifike 165, ambayo ni nyuzi 74 za kwetu. Ilikuwa mbali sana na hapo. Nilimwambia tuongeze moto, itaiva. Akanishika bega. Nyama iliyokaa vuguvugu saa zote hizo, alisema, ukiiivisha sasa unaweza kuwalaza watoto hospitali. Tulimfunga kwenye mifuko miwili tukampeleka kwenye pipa la taka. Dola 61. Nilikuwa nimejinyima miezi miwili kuzipata.

Tulikula pilau ya kuku, samaki wa nazi, mbaazi na makaroni ya bibi aliyoyapika bila nyama yoyote. Safari hii kila sufuria niliibandika karatasi: hiki ni nini, kina nini, kina pilipili au hakina. Mbaazi zilikwisha kabla ya pilau. Nunueni kipimajoto cha nyama. Changu cha sasa nilikipata kwa dola 12. Na wakati wa kukaanga vitunguu vya pilau fungueni dirisha na kuwasha feni, maana king'ora cha moshi kitalia jengo zima lisikie. Msikichomoe betri. Mikataba mingi ya pango inakataza, na siku ya moto wa kweli ndicho kitakachowaamsha.

Ndugu za bibi wengine humkaanga bata mzinga mzima kwenye pipa la mafuta ya karanga. Georgia ndiyo jimbo linaloongoza kwa karanga Marekani, na wazee wa huko bado huziita "goober", neno lililotoka kwenye "nguba" la Kikongo, likavuka bahari pamoja na watu waliouzwa. Kama mtaalikwa kwenye ukaangaji huo, watoto wakae mbali. Ndege mwenye barafu akizamishwa kwenye mafuta ya moto, mafuta hufura na kushika moto, na ndiyo maana hufanywa uani, mbali na ukuta.

Jambo jingine la mji wa chuo ni mpira, ule wao wa kushika mkononi. Mwisho wa wiki ya sikukuu timu ya chuo chetu, Georgia, hucheza na Georgia Tech, chuo cha Atlanta, mwaka mmoja Athens, mwaka mwingine Atlanta. Uwanja wa Athens unachukua zaidi ya watu 92,000. Mwaka 2022 walicheza Jumamosi, Georgia wakashinda 37 kwa 14. Mume wangu alikuwa ameegesha gari mtaa usioruhusiwa, likavutwa. Kulikomboa kulitugharimu zaidi ya yule bata. Mwaka 2024 ilikuwa Ijumaa usiku, wakaongeza muda mara nane hadi 44 kwa 42, na tulikuwa tunasikia kishindo cha uwanja kitandani. Angalieni ratiba ya mechi kabla ya kupanga safari yoyote.

Mwaka 2023 binti yangu alirudi kutoka shule na taji la manyoya ya karatasi. Akaniuliza kama Wahindi Wekundu na wageni walikuwa marafiki. Sikutaka kumjibu ovyo. Nilisoma, kisha nikamwelezea kadiri anavyoweza kuelewa: karamu ya mwaka 1621, inayosimuliwa kuwa chanzo cha sikukuu hii, ilikuwa Plymouth, Massachusetts, kati ya walowezi Waingereza na watu wa Wampanoag; Rais Lincoln akaitangaza sikukuu ya taifa mwaka 1863, vita ya wenyewe kwa wenyewe ikiendelea; Alhamisi ya nne ikawekwa kwa sheria mwaka 1941. Na tangu 1970 wenyeji wa asili hukusanyika Plymouth siku hiyohiyo kuomboleza, kwa sababu karamu haikuzuia ardhi yao kuchukuliwa. Hata Georgia tunapoishi ilikuwa nchi ya Wamuskogi na Wacherokee. Alikaa kimya, akaivua ile taji akaiweka ndani ya daftari. Nilimuuliza bibi yeye anaionaje. Akasema kwao meza ile ni ya kuhesabu waliorudi: ndugu walioondoka kwenda Atlanta, Detroit, Chicago, nani amefika na nani kiti chake kimebaki wazi.

Mwaka huo ndio aliniita Jumatano usiku tukapike pamoja. Aliosha majani ya sukuma mara tatu, akayang'oa mishipa ya katikati, akayapanga saba saba, akayakunja kama mkeka na kuanza kuyakata membamba, kisu kikipanda na kushuka karibu na kucha. Nilimwangalia mikono. Hivyo ndivyo mama yangu anavyokata. Nikamwambia, naye akanipa kisu. Jikoni kulikuwa na sufuria mbili. Moja ilikuwa na mguu wake wa nguruwe, kama walivyopika kwao siku zote. Nyingine ilikuwa na vitunguu, kitunguu saumu, pilipili, siki na mafuta, na juu ya kifuniko ameandika kwa kalamu nene jina la binti yangu. Chumba cha wageni alikuwa ameshatandika shuka safi sakafuni, akaniuliza tu Makka iko upande gani.

Mwaka 2024 tulimchukua kijana mmoja wa Kigoma aliyefika Agosti kusoma shahada ya uzamili. Nilimpigia Jumatatu nikamwambia kila kitu: saa nane kamili, usile kabla, sema usichokula. Akaitikia ndiyo dada, ndiyo dada. Mezani alikaa mgongo umenyooka, akala vijiko vichache vya wali, akaweka uma pembeni. Bibi alipita na bakuli la mboga akamuuliza kama anaongeza.

"Hapana, mama, asante. Nimeshiba."

Bibi hakuondoka. Alinigeukia mimi na bakuli lake mkononi, akauliza, "Hiyo ni hapana ya kweli, au ya kwenu?"

Nikamtazama yule kijana. Akainamisha macho. "Kidogo tu, dada," alisema, na bibi, ambaye hajui Kiswahili, alikuwa ameshaanza kupakua.